Shosh si samaki mkavu

Mama Mkubwa wangu ana miaka 71. Kwa miaka thelathini na ushei aliuza nyanya na vitunguu katika soko la Marikiti, Nairobi, na hadi leo ukimtajia mteja wake yeyote wa zamani atakuambia alikuwa akinunua nini, siku gani, na alihama mtaa akiwa na deni la shilingi ngapi. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye saiba moja ya Eastlands, duka la kompyuta na intaneti. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kuingia kwenye akaunti yake ya huduma za serikali, kubadilisha nywila aliyoisahau, kupakua stakabadhi moja na kuichapisha. Kijana wa saiba, mpole, mwenye adabu zake, alimwachia kama sekunde kumi. Mama Mkubwa alikuwa bado anavaa miwani. "Shosh, leta hiyo simu nikufanyie," akasema, na kabla hajamaliza kusema simu ilikuwa mkononi mwake. Dakika mbili, kazi imekwisha. Shilingi hamsini.

Tulipotoka nilimuuliza kama ameona ilivyofanywa.

"Nimeona vidole vikirukaruka," akanijibu.

Ilikuwa mara ya nne mwaka huu, kazi ile ile, kijana yule yule. Shilingi mia mbili zimekwenda, na bado hajui. Makala haya ni kuhusu zile sekunde kumi. Kijana alidhani hakuna lililokuwa likiendelea kichwani mwa mzee yule. Mimi nadai lilikuwapo, tena kubwa, na alilikatiza.

Aliona ukimya akauchukua kuwa utupu. Hesabu hiyo tunaipiga sote, nyumbani, ofisini, kwenye foleni ya benki, na hata methali ya kuitetea tunayo: samaki mkunje angali mbichi. Tumeikariri tangu shule ya msingi. Iliposemwa, ilisemwa kuhusu malezi, kuhusu tabia za mtoto ambazo ni vigumu kuzinyoosha akishakuwa baba wa watu. Sisi tumeihamisha kimyakimya tukaiweka kwenye kujifunza, tukahitimisha kwamba mwenye mvi amekauka na ukimkunja atavunjika. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya takriban milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Wote hao walizaliwa kabla ya bendera ya Uhuru kupandishwa, na leo wanatakiwa kujua mambo ambayo hata walimu wao hawakuwahi kuyasikia. Kama kweli ni samaki wakavu, basi tuna balaa.

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kuna namna ya kuchungulia ndani ya kichwa cha mtu aliye hai wakati anajifunza. Hulazwa ndani ya mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, akaonyeshwa maneno au picha azikariri, na mashine ikafuatilia damu. Sehemu ya ubongo inayofanya kazi huletewa damu nyingi yenye oksijeni, na damu yenye oksijeni haitendi sawa na ile iliyoishiwa mbele ya sumaku yenye nguvu. Mjapani Seiji Ogawa ndiye aliyeonyesha hilo mwaka 1990, akifanya kazi Marekani. Kwa hiyo zile picha za magazetini zenye madoa mekundu na ya manjano hazionyeshi fikra. Zinaonyesha damu ikikimbilia mahali. Msomaji alishike hilo, tutarudi kwalo.

Sasa, ukimchukua kijana wa miaka ishirini na kitu ukampa maneno ya kukariri, sehemu ya mbele ya ubongo wake, iliyo nyuma ya paji la uso, hufanya kazi kwa kuegemea upande mmoja. Akiyaingiza maneno huegemea kushoto zaidi, akiyatafuta baadaye huegemea kulia. Wazee hawaonyeshi sura hiyo. Kwao pande zote mbili hushughulika. Kwa haraka haraka ungesema huo ni mchafuko wa uzee, kama mtu anayewasha taa za nyumba nzima kutafuta ufunguo. Lakini mwaka 2002 Roberto Cabeza na wenzake walifanya jambo rahisi ambalo wengine hawakuwa wamelifikiria vya kutosha: waliwagawa wazee mafungu mawili kabla ya kuwapiga picha. Fungu moja ni wale ambao kumbukumbu yao ilikuwa nzuri kama ya vijana, jingine ni wale waliokuwa wakisahau. Waliosahau walitumia ubongo kama vijana wanavyoutumia, upande mmoja. Waliokumbuka ndio waliotumia pande zote mbili.

Yaani wazee waliofanana na vijana kwenye picha ndio waliowekwa nyuma na mtihani, na waliofanana na vijana kwenye mtihani ndio ambao picha zao zilikuwa tofauti kabisa.

Dereva wa matatu za Githurai angekueleza haya bila mashine. Thika Road ikifunga, dereva mgeni hukaa kwenye msongamano akipiga honi, kana kwamba honi ni tingatinga. Aliyezeeka kwenye usukani huchepuka pale Allsops, akashuka Outering, akatokea Donholm na kuingia mjini kwa Jogoo Road. Amezunguka. Amechoma mafuta zaidi. Abiria wa nyuma wamelalamika. Lakini amefika, na ukimhukumu kwa urefu wa safari badala ya kufika kwake utakuwa umemwonea.

Ningependa kuishia hapo. Hadithi hiyo inapendeza, na mimi mwenyewe nina miaka 56. Ila wanasayansi hawajakubaliana kuihusu, na mzozo wao una mafunzo kuliko hadithi yenyewe.

Wapo walioiunga mkono kwa ushahidi mzito. Mwaka 2004, Simone Rossi na wenzake nchini Italia walitumia mapigo ya sumaku kuvuruga kwa muda upande mmoja wa ile sehemu ya mbele, watu wakiwa katika kukumbuka picha walizoonyeshwa. Kwa vijana, kuvuruga upande wa kulia ndiko kulikoharibu zaidi. Kwa wenye umri mkubwa tofauti hiyo ilififia, ukivuruga upande huu au ule kumbukumbu huyumba. Kama upande wa pili ungekuwa taa tu iliyosahauliwa ikiwaka, kuizima kusingemsumbua mtu.

Halafu wapo waliotia maji. Denise Park na wenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba nyuma ya ubongo, kwenye sehemu za kuona, kijana ana vipande vyenye kazi maalumu: kimoja huitikia zaidi sura za watu, kingine majengo, kingine maneno yaliyoandikwa. Kwa wazee mipaka hiyo imefifia na kila kipande huitikia kidogo kila kitu, kama duka la mtaani lililoanza kwa kuuza mikate, likaongeza makaa, na sasa linatengeneza simu. Mwaka 2018, Alexa Morcom na Richard Henson wa Uingereza waliuliza swali la kukera zaidi. Tuseme sehemu ya mbele ya ubongo wa mzee inashughulika kupita kiasi. Je, shughuli hiyo ya ziada imebeba habari yoyote kuhusu kinachokumbukwa? Walipochambua mpangilio wa shughuli hiyo hawakuona kuwa unaongeza kitu. Kwao, ziada hiyo ni dalili ya ufanisi kupungua, wala si msaada uliokuja kuokoa jahazi.

Pigo ambalo mimi nalihesabu kuwa kali zaidi lilitoka Umeå, Uswidi, ambako mradi wa Betula umefuatilia kumbukumbu za watu tangu 1988. Lars Nyberg na wenzake, katika matokeo ya 2010, walipolinganisha vijana na wazee kwa wakati mmoja, wazee walionekana kuitumia zaidi sehemu ya mbele, kama ilivyotarajiwa. Walipowafuata watu wale wale jinsi miaka ilivyosonga, shughuli ya sehemu hiyo ilikuwa ikishuka. Mbona picha mbili zipingane? Kwa sababu wazee waliobaki kwenye utafiti miaka yote hiyo, wakaweza hata kulala ndani ya mashine, walikuwa wale wenye uwezo mkubwa. Ni kama kupima afya ya wazee wa Nairobi kwa kuwahesabu wanaopanda Ngong Hills Jumamosi.

Na lile la damu nililosema tutarudi kwalo. Mishipa ya damu nayo huzeeka. Hukakamaa, huitikia wito polepole. Ukimpiga picha mzee na kijana, sehemu ya tofauti unayoiona huenda inatokana na mabomba kuliko fikra, sawa na kukisia kiu ya mtaa kwa kusoma mita ya maji ambayo bomba lake limejaa kutu. Watafiti makini hulirekebisha hilo. Wanaoandika vichwa vya habari hawalirekebishi.

Nimesimama wapi basi? Nadhani pande zote mbili zimeshika tembo yule yule. Ubongo unaozeeka hupoteza ukali wa mipaka yake, na huohuo hutafuta njia za panya, na katika kichwa kimoja mambo hayo mawili yanaweza kutokea asubuhi moja. Lakini kwa sisi tunaofundisha wazee wetu simu, mashine na mifumo mipya, hatuhitaji kungoja mzozo uishe. Kuna jambo moja ambalo kambi zote zinaweza kuishi nalo, nalo lilielezwa vizuri mwaka 2008 na Patricia Reuter-Lorenz na Katherine Cappell. Kazi ikiwa nyepesi, mzee hutumia nguvu nyingi za ubongo kuliko kijana na kufanya vizuri kama yeye. Kazi ikizidi kuwa ngumu, kijana huongeza nguvu. Mzee alishaziongeza. Hana akiba tena, na hapo shughuli yake hushuka chini ya ile ya kijana, na matokeo yake yanaanguka nayo.

Rudi kwa yule dereva wetu wa Githurai. Ikiwa njia zote za panya ameshazitumia saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha saa moja hana pa kuchepukia.

Ukishaelewa hivyo, swali linageuka. Tumekuwa tukiuliza kama somo ni gumu mno kwa mzee. Kuingiza nywila si jambo gumu. Ila siku ile Mama Mkubwa alikuwa akisoma herufi ndogo mfano wa siafu, akisikiliza maelekezo kwa Sheng ya haraka, bodaboda tatu zikinguruma mlangoni, muziki wa matatu ukipita, na nyuma yake watu wanne wakihema kwa kukosa subira. Mzigo mkubwa haukuwa kwenye somo. Ulikuwa kando ya somo, na ubongo wake ulikuwa umeulipia wote kabla hata hajafika kwenye nywila. Lynn Hasher na Rose Zacks waliandika tangu 1988 kwamba kinachodhoofika sana uzeeni ni uwezo wa kuzuia yasiyohusika yasiingie. Kijana huyazima makelele bila kujua anayazima. Mzee huyapokea yote, anayakaribisha ndani, kisha anaanza kutafuta kiti cha kumkalisha mgeni aliyemhitaji.

Masikio nayo. Anayesikia kwa shida hutumia nguvu kutambua neno lililosemwa, na nguvu hizo hutoka katika mfuko ule ule wa kulihifadhi neno. Tunasema "shosh amesahau" kumbe nusu ya maneno hayakuingia.

Sasa nije Marikiti, maana huko ndiko ninakotaka kukaa.

Mwaka 2005 Alan Castel alifanya jaribio ambalo naliona zuri kuliko mengi yaliyotumia mashine za mamilioni. Aliwaonyesha vijana na wazee bidhaa za dukani pamoja na bei zake, kisha akawauliza bei. Baadhi ya bei zilikuwa za kawaida, zile ambazo mtu angezikuta dukani kweli. Nyingine zilikuwa za ajabu, hazina uhusiano na bidhaa. Kwenye bei za ajabu vijana waliwashinda wazee. Kwenye bei za kawaida wazee walikumbuka sawa na vijana. Ubongo ule ule, kikao kile kile, tarakimu tu zilibadilika kutoka zisizo na maana hadi zenye maana.

Ukitaka kuliona jaribio hilo likiendeshwa bure, amka saa kumi alfajiri uende Marikiti malori yakishusha. Utawakuta akina mama wa miaka sitini na zaidi wakikadiria kreti la nyanya kwa jicho, wakijua jana lilikuwa bei gani, wiki jana bei gani, Loitokitok mvua imenyesha au la, na kwa hiyo keshokutwa litakuwa bei gani. Hakuna anayeandika. Wape mama hao hao orodha ya tarakimu kumi zisizo na maana uone. Si kwamba wana kumbukumbu mbili. Wana kumbukumbu moja inayohitaji msumari wa kutundikia, na katika biashara yao misumari imejaa ukuta mzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema wazee hawapatani na teknolojia. M-Pesa ilipoanza Machi 2007, hakuna aliyewapeleka wazee wetu darasani. Walijifunza. Kwa nini? Kwa sababu wazo lenyewe walikuwa nalo miaka mingi. Walijua kutuma pesa nyumbani kwa bahasha kupitia dereva wa basi au jamaa anayesafiri. Walijua kuwekeza imani kwa mwenye duka. Ujumbe wa simu ulikuwa risiti, wakala alikuwa mwenye duka yule yule, na namba ya siri ilikuwa pindo la leso ambamo noti hufungwa. Kipya kilikuwa kidogo, na kilitundikwa kwenye msumari wa zamani. Linganisha na tovuti inayomwambia mzee "thibitisha utambulisho wako kupitia kiungo kilichotumwa". Kiungo? Kwake kiungo kinaingia kwenye pilau.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba misumari ya zamani hukwaruza. Mtu aliyejaa maarifa ya zamani husumbuliwa nayo pale jambo jipya linapofanana na la kale bila kulingana nalo. Wazee wa Nairobi bado wanaweza kukuelekeza kwa majengo yasiyokuwepo. Sinema ya Odeon imekufa zamani, na steji bado inaitwa Odeon, kwa hiyo hapo jiji limewahurumia. Halikuwahurumia walimu. Mwalimu aliyeanza kazi mfumo wa 8-4-4 ulipozinduliwa 1985 alikuwa amekaribia kustaafu mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa nchini kote 2019. Akaambiwa atathmini watoto kwa namna mpya, kwa maneno mapya, na tukamcheka alipochanganya. Kazi yake ilikuwa mara mbili: kujifunza kipya, na kukizuia cha zamani kisirukie mdomoni. Kijana aliyetoka chuoni juzi alikuwa na kazi moja.

Ofisini kwetu, mwaka juzi, tuliletewa programu mpya ya kuhariri. Mkufunzi, msichana wa miaka 25 hivi, alipitisha mshale kwenye skrini kwa kasi ya kengewa. "Ni rahisi tu," alisema kila baada ya hatua. Neno hilo "tu" linaua. Niliandika kwenye daftari hatua kumi na moja, nikagundua usiku kwamba nimeandika ya nne mara mbili na ya saba sikuiandika kabisa. Sikuuliza, kwa sababu nilikuwa mkubwa kuliko wote chumbani. Nalitaja hili ili msomaji asidhani nazungumzia watu wengine.

Je, mzee anayeendelea kujifunza mambo mageni hubadilika ubongoni, au anajipa moyo tu? Denise Park, yule yule wa vipande vilivyofifia, aliongoza mradi Marekani uliochapishwa 2014. Watu wa miaka 60 hadi 90 walifundishwa upigaji picha kwa kamera za kidijitali, au kushona mablanketi ya viraka, au vyote viwili, karibu saa 15 kwa wiki kwa miezi mitatu. Wenzao walikutana kupiga soga na kutalii, au walifanya nyumbani mambo mepesi waliyoyazoea. Waliojifunza kitu kipya na kigumu ndio ambao kumbukumbu yao ilipanda, hasa wapiga picha. Baadhi yao walipoingizwa kwenye mashine, ubongo wao ulikuwa umeanza kutofautisha vizuri zaidi kazi nyepesi na kazi ngumu: kutumia nguvu kidogo panapohitaji kidogo, nyingi panapohitaji nyingi. Ndivyo unavyofanya ubongo wa kijana. Zingatia saa 15 kwa wiki. Sisi tunampa mzee sekunde kumi.

Na tafadhali, mtu asinijibu kwa Maruge. Kimani Ng'ang'a Maruge alijiandikisha darasa la kwanza Eldoret Januari 2004, akiwa na miaka 84, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kuwa bure. Alitaka kujisomea Biblia. Alipelekwa hadi Umoja wa Mataifa, New York, mwaka uliofuata, akaishi siku zake za mwisho hapa Nairobi na kufariki 2009. Namheshimu sana mzee yule. Lakini tulichofanya ni kumgeuza muujiza, na muujiza una faida moja kubwa kwa wavivu: hauhitaji kurudiwa. Ukimwita Maruge wa ajabu, humdai mtu yeyote chochote. Yeye alikuwa na vitu vya kawaida kabisa, sababu iliyo yake mwenyewe, mwalimu aliyemkubali, na muda wa kurudia somo lile lile kila siku ya shule. Kifungu cha 57 cha Katiba yetu kinawapa wazee haki ya kujiendeleza, na sidhani waliokiandika walikuwa na miujiza akilini.

Kuhusu kutembea nitasema machache. Utafiti wa Kirk Erickson na wenzake wa 2011 uliwachukua wazee 120. Nusu walitembea kwa mpango kwa mwaka mmoja, na hipokampasi yao, kile kiungo kidogo ndani ya ubongo kinachosaidia kuhifadhi mapya, ikaongezeka kwa asilimia 2 badala ya kusinyaa. Tafiti zilizofuata zimetofautiana. Nairobi hii maelfu hutembea kutoka Kibera hadi Industrial Area kila alfajiri, na si kwa ajili ya hipokampasi. La maana zaidi kwangu ni saa: mwaka 2014 watafiti wa Toronto, Hasher akiwa mmoja wao, waliona kwamba wazee waliopimwa asubuhi walikazia fikra vizuri na sehemu zao za kujidhibiti zilifanya kazi kama za vijana, kuliko wale waliopimwa alasiri. Semina zetu za wazee huanza saa nane mchana, baada ya wali.

Basi tulianza asubuhi, mimi na Mama Mkubwa, mezani kwake, redio imezimwa. Alinunua daftari la Kasuku la kurasa 48 na kukataa maelezo yangu. Aliandika yake. Pa kuingilia alipaita "mlango". Nywila aliiita "ufunguo wa kibanda", na akaitunga kutokana na jambo la Marikiti ambalo hakuniambia. Faili zilizopakuliwa ziko "ghalani". Kulikuwa na siku alikaa kimya mbele ya skrini nikihisi vidole vyangu vinawasha. Nikiri kwamba mara mbili nilimnyang'anya simu. Mara ya pili alinipiga kofi la mkono kama mtoto aliyegusa mandazi ya wageni. Asubuhi ya tano aliingia mwenyewe, polepole, akisema kwa sauti, akakosea ufunguo mara moja, akarudi, akafungua ghala.

Juzi tulirudi saiba kuchapisha tu. Kijana akanyoosha mkono. "Weka mikono mfukoni, mwanangu," Mama Mkubwa akamwambia, na kijana akaiweka, jamani, yote miwili. Nilitazama saa: dakika nne na kidogo. Karatasi ilipotoka, kijana akasema shilingi kumi na tano. Mama Mkubwa akafunga miwani yake taratibu, akamkumbusha kwamba mara nne zile alizomfanyia, ukurasa mmoja ulikuwa kumi na kazi ya vidole arobaini. Leo vidole ni vya nani? Na hiyo tano ya juu ni ya nini?

Kijana akafungua mdomo, akaufunga. Sote tukamngoja afikirie.